Kompyuta ya dukani nayo ipimwe joto

MFUGAJI wa kuku anayetotolesha vifaranga kwa mashine halali kabla hajachungulia kipimajoto. Anajua kwamba mashine yenye feni inatakiwa ikae kwenye nyuzijoto 37.5, na kwamba ikipanda nyuzi mbili tatu kwa saa kadhaa mayai ya siku 21 yanaweza kugeuka hasara tupu. Mnunuzi wa mahindi naye haingizi gunia ghalani mpaka ajue unyevu umeshuka hadi asilimia 13.5. Mkusanyaji wa maziwa anatumbukiza kipimo chake katika kila ndoo, hata ile ya jirani yake. Wote hawa ni watu wa vipimo, na hawakufundishwa darasani. Walifundishwa na hasara.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akirudi ofisini kwake, ambako kompyuta moja ndiyo inayotunza orodha ya wadeni, mizigo iliyoingia na malipo ya wakulima, hana kipimo chochote. Anaiwasha asubuhi, anaizima jioni, na siku ikigoma anapiga simu kwa fundi.

Hali yenyewe huwa hivi. Saa nane mchana bati limeshika moto, wateja wamejaa, na kompyuta inaanza kuwa nzito. Ukibonyeza, inaganda. Mara inazimika yenyewe, ikiwashwa inakaa dakika kumi, inazimika tena. Fundi anafika, hafungui hata parafujo moja, anatamka neno moja tu: kirusi. Dawa yake ni kupiga Windows upya. Analipwa, anaondoka, na pamoja naye linaondoka daftari la madeni la miezi minane ambalo hakuna aliyekumbuka kulihamisha kabla diski haijafutwa. Baada ya wiki mbili kompyuta inazimika tena saa nane mchana.

Virusi vipo, hakuna anayebisha. Lakini kirusi hakichagui saa nane mchana. Kompyuta inayofanya kazi vizuri asubuhi na kulegea jua linapokuwa kali inatoa malalamiko ya joto, na malalamiko hayo yameandikwa ndani yake kwa namba ambazo mwenye duka anaweza kuzisoma bila kumlipa mtu hata shilingi.

Watu wengi hawafahamu kwamba karibu kila kompyuta iliyotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ina vipimajoto vidogo ndani yake. Kimojawapo kimo ndani ya prosesa yenyewe, ile sehemu inayofanya hesabu zote. Vingine viko kwenye mazabodi, na diski nayo ina chake. Aidha, kwenye mazabodi kuna kidude kinachopima volti zinazotoka kwenye pawa saplai na kuhesabu mizunguko ya feni kwa dakika. Vyote hivyo hupima muda wote kompyuta ikiwa imewashwa. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza.

Kuuliza ni kazi ya programu. Kwa Windows ipo HWMonitor ya kampuni ya CPUID ya Ufaransa, ipo HWiNFO, na ipo LibreHardwareMonitor, zote zinapatikana bure. SpeedFan ilipendwa sana na mafundi wa miaka ya 2000, lakini haijapata toleo jipya kwa miaka mingi, kwa hiyo inafaa zaidi kwa mashine za zamani. Wanaotumia Linux wana lm-sensors, ambayo herufi zake mbili za mwanzo zimetoka kwenye majina ya vipimo vya kampuni ya National Semiconductor, LM75 na LM78. Hata asiye na intaneti hakosi njia: akiwasha kompyuta na kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya awali, kabla Windows haijafunguka, katika kompyuta nyingi za mezani atakuta sehemu inayoonyesha joto, feni na volti.

Jambo moja la tahadhari hapa. Programu hizi zichukuliwe kwa watengenezaji wake wenyewe na ziwe toleo jipya. Kuzinakili kwenye flashi ya mtu wa mtaani ni kutafuta kirusi cha kweli. Zaidi ya hapo, mwaka 2025 ulinzi wa Windows ulianza kuzikamata baadhi ya programu za aina hii kwa sababu zilibeba draiva ya zamani iitwayo WinRing0 yenye mwanya ambao wahalifu waliweza kuutumia.

Sasa namba zinasema nini? Prosesa ya kompyuta ya kawaida ikiwa haina kazi husoma kati ya nyuzi 35 na 50, kutegemea chumba. Ikifanya kazi hupanda hadi 60, 70, hata 80, na hapo hakuna la kuogopesha. Ikifika 90 na kuendelea kuna kasoro, hasa kwa kompyuta ya mezani. Prosesa nyingi zimewekewa kikomo cha karibu nyuzi 100. Zikikikaribia hupunguza kasi zenyewe ili zipoe, na joto likizidi kupanda huzima kompyuta nzima. Huo uzito wa saa nane mchana, unaosingiziwa kirusi, mara nyingi ni prosesa inayojiokoa.

Wapo watakaosema kwamba kama kompyuta inajilinda yenyewe hakuna haja ya kuhangaika nayo. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Prosesa inajilinda, na ni nadra kuikuta imeungua. Kinachokufa ni vitu vinavyoizunguka, hasa kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama juu ya mazabodi na ndani ya pawa saplai. Mafundi wa umeme wana kanuni yao ya miaka mingi: kila joto linapopanda nyuzi 10, maisha ya kapasita za aina hiyo hupungua kwa nusu. Waliofanya biashara ya kompyuta miaka ya 2000 wanakumbuka vizuri mazabodi zilizovimba vikopo na kuvuja maji ya kahawia, kwani kipindi hicho kapasita nyingi mbovu zilisambaa duniani kote na kuwatia hasara hata watengenezaji wakubwa. Kapasita mbovu ikikaa kwenye joto hufa haraka. Nzima nayo ikikaa kwenye joto haifiki mwisho wa safari yake.

Kisha kuna kazi iliyokuwa haijahifadhiwa wakati kompyuta inazimika. Hiyo haina kikopo cha kubadilisha.

Pamoja na hayo, namba moja iliyosomwa siku moja haimsaidii mtu sana. Mfugaji haamui hali ya ng'ombe kwa lita alizokamua leo asubuhi. Analinganisha na wiki iliyopita. Mwenye kompyuta afanye vivyo hivyo: achukue daftari la kawaida, aandike tarehe, saa, joto la prosesa, joto la diski, mizunguko ya feni na volti, mara moja kwa mwezi, saa ileile, programu zilezile zikiwa zimefunguliwa. Dakika tano zinatosha. Kompyuta iliyosoma nyuzi 58 mwezi Januari na kusoma 74 mwezi Juni, wakati wa baridi, imeziba vumbi. Haihitaji mganga.

Vumbi la maduka ya wakulima si la kawaida. Duka la vyakula vya mifugo lina pumba, kinu cha kusagia kina unga, ghala la korosho lina vumbi la magunia. Unga huo ukivutwa na feni hukutana na unyevu wa pwani ukashikana kama blanketi kwenye chuma kinachopoza prosesa. Feni inazunguka vizuri, tena kwa kelele, lakini hewa haipiti. Tiba yake ni kuzima kompyuta, kuchomoa waya ukutani, kufungua ubavu, na kupuliza kwa bloa huku feni imeshikwa kwa kidole isizunguke ovyo. Kama kompyuta ina miaka mingi, fundi aibadilishe na ile grisi iliyo kati ya prosesa na chuma chake, kwani hukauka ikawa kama chaki. Baada ya hapo namba zisomwe tena. Zikishuka, kazi imefanyika. Zisiposhuka, fundi hajastahili malipo kamili, na mwenye mali ana daftari la kumwonyesha.

Volti ni habari nyingine, na ndizo zinazowachanganya wengi. Programu hizi hazipimi umeme unaotoka ukutani. Pawa saplai inapokea volti 230 na kutoa umeme mdogo wa aina tatu kuu, wa volti 12, volti 5 na volti 3.3, na programu inasoma huo uliokwisha kupunguzwa. Kwa kanuni za watengenezaji, tofauti inayokubalika ni asilimia 5. Yaani ile ya 12 isishuke chini ya 11.4 wala isizidi 12.6, na ile ya 5 ikae kati ya 4.75 na 5.25. Pawa saplai iliyochoka huonekana pale kazi inapozidi: kompyuta ikitulia inasoma 12.0, ikifungua programu nzito inashuka hadi 11.3, kisha inajiwasha upya. Anayeiona namba hiyo anabadilisha pawa saplai peke yake. Asiyeiona anaweza kuuziwa mazabodi, na pawa saplai ileile ikaja kuimaliza na hiyo mpya.

Hata hivyo, programu nazo hudanganya. Kidude cha kupima hakipokei volti 12 moja kwa moja. Umeme hupunguzwa kwanza, na kila mtengenezaji wa mazabodi hupunguza kwa kiasi chake. Programu isiyojua kiasi hicho inakisia. Ndiyo maana mtu anaweza kuona volti 12 zimesomwa 8 na kompyuta ikawa inachapa kazi bila wasiwasi, jambo lisilowezekana. Kwenye joto pia hutokea: nyuzi 127 ambazo hazibadiliki usiku na mchana ni kipimo ambacho hakijaunganishwa na kitu chochote. Kuna njia rahisi ya kuwashika waongo hawa. Prosesa inayopozwa kwa feni haiwezi kuwa baridi kuliko chumba chenyewe. Kama Dar es Salaam mwezi Machi chumba kina nyuzi 32 na programu inaonyesha 20, namba hiyo itupwe. Na kwa volti, kabla ya kununua kifaa, fundi athibitishe kwa mita yake ya mkononi. Fundi asiye na mita apewe kazi nyingine.

Upo usomaji mmoja wa volti ambao wafanyabiashara wangeupenda kama wangeufahamu. Ni wa betri ndogo ya duara, CR2032, inayotunza saa na tarehe kompyuta ikiwa imezimwa. Ikiwa mpya husoma kidogo juu ya volti 3. Ikishuka sana, kompyuta inasahau tarehe, inaamka ikidhani ni mwaka ilipotengenezwa, na mauzo ya leo yanaandikwa kwenye mwaka ambao duka lilikuwa halijafunguliwa. Mwenye duka huja kugundua anapofunga hesabu za mwezi. Betri yenyewe inauzwa mpaka kwenye maduka ya saa.

Umeme wa ukutani, ambao ndio muuaji mkubwa vijijini, unahitaji kipimo chake. Katika vijiji vilivyo mbali na transfoma, jioni wakati kila nyumba imewasha taa na kinu kinasaga, volti 230 zinaweza kushuka mno, kisha zikaruka juu kinu kikizimwa. Waliopitia mgawo wa umeme wa mwaka 2006 wanajua pia kwamba balaa mara nyingi huja umeme unaporudi, kuliko unapokatika. Hapo kinachofaa ni UPS yenye kidirisha cha namba, au ile inayounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, ambayo aina nyingi zinaweza kuonyesha volti zinazoingia na hata kuizimisha kompyuta kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha. Stabilaiza yenye mshale nayo inasaidia. Mwenye duka akiona mshale umelala chini ya 180 kila jioni, kazi ya kompyuta ihamie asubuhi, na malalamiko yapelekwe kwa wahusika yakiwa na tarehe na namba. Malalamiko yenye namba huwa magumu kupuuzwa.

Kwa diski, woga upunguzwe kidogo. Watengenezaji wengi huandika kikomo cha nyuzi 55 au 60, na ni vema kukaa mbali na hapo. Lakini utafiti uliotolewa na Google mwaka 2007, uliofuatilia diski zaidi ya laki moja, haukukuta uhusiano mkubwa kati ya joto la wastani na kufa kwa diski, isipokuwa kwenye joto kali na kwa diski zilizozeeka. Ishara iliyoonekana kuwa na uzito zaidi ni diski kuanza kuhamisha data kutoka sehemu zake zilizoharibika, na hiyo programu kama CrystalDiskInfo huionyesha. Namba hiyo ikianza kupanda kutoka sifuri, orodha ya wadeni inakiliwe siku hiyo hiyo, isisubiri Jumatatu.

Suala hili linagusa hata mkulima asiyemiliki kompyuta. Chukua mfano wa vyama vya msingi vya ushirika vya Mtwara na Lindi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, kilo za kila mwanachama, makato na malipo yake vinapitia kwenye kumbukumbu za chama, na vyama vingi vimezihamishia kwenye kompyuta. Msimu unaanza Oktoba na kukolea Novemba na Desemba, miezi ambayo kusini ni ya joto kali kabla mvua hazijatulia. Kompyuta iliyolala miezi kadhaa ikikusanya vumbi inaamshwa katikati ya joto hilo na kupewa kazi mchana kutwa, wakati magunia yanashushwa mlangoni. Kama kuna wakati wa kuzimika, ndio huo. Ikizimika, mkulima aliyepeleka kilo 400 anaambiwa arudi kesho, na kesho anaambiwa kumbukumbu zinatafutwa.

Mkutano mkuu wa chama hujadili posho, usafiri na magunia. Hakuna ubaya wajumbe wakauliza pia kama kompyuta ya chama ilipulizwa vumbi mwezi Septemba, nani aliisoma joto, na nakala ya kumbukumbu iko wapi. Katibu akikosa jibu, ajue kuna swali litarudi.

Eneo lingine linalohitaji ukali ni ununuzi. Kompyuta nyingi za wafanyabiashara wadogo ni za mtumba kutoka Ulaya, Marekani na Dubai. Si vibaya, kwani nyingine zilijengwa kwa chuma kizito kuliko mpya za bei rahisi. Lakini mnunuzi anaonyeshwa picha inayong'aa kwenye kioo kwa dakika tatu, analipa, basi. Mtu huyo huyo akinunua pikipiki ya mtumba anaiendesha mpaka injini ipate moto. Kwa kompyuta ya mezani aanze kwa kutazama nyuma: pawa saplai za zamani zina swichi ndogo ya kuchagua 115 au 230, na iliyotoka Marekani inaweza kuwa bado iko kwenye 115. Ikichomekwa hivyo kwenye umeme wa hapa inalipuka siku ya kwanza. Akiridhika, aombe HWMonitor ifunguliwe, kompyuta ichezeshwe video au ipewe kazi nzito kwa nusu saa, feni ya dukani ikiwa imezimwa.

Ikipanda hadi 70 au 75 na kutulia hapo, mazungumzo ya bei yaendelee. Ikikimbilia 95 au volti 12 zikiyumba, muuzaji aisafishe kwanza mbele ya mteja na kipimo kirudiwe, au bei ishuke kwa gharama ya pawa saplai mpya. Wauzaji wa kweli hawatakuwa na shida na nusu saa hiyo. Kwa laptopu, Windows 8 na zilizofuata zina amri ya powercfg /batteryreport inayotoa ripoti ya betri: uwezo wake ilipotengenezwa na uwezo uliobaki. Betri iliyotengenezwa kwa uniti 50,000 ikabakiwa na 18,000 haiuzwi kwa maneno kwamba "inakaa saa nne".

Namba hizo za siku ya kwanza ziandikwe nyuma ya risiti, muuzaji atie sahihi, na ziwe ukurasa wa kwanza wa lile daftari.